Kompyuta ya gemu haiwaki, haisomi, haioneshi: maswali ninayoulizwa kila wiki Mwanza

Mimi ni fundi kompyuta, kazi zangu nafanyia chumba cha uani huku Nyakato. Wanaonijia wengi ni vijana wa magemu, na nyuma yao wazazi wanaouliza bei kabla hawajakaa. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa ili mtu ajaribu mwenyewe nyumbani kabla ya kupakia kompyuta kwenye bodaboda.

Neno kubwa kwenye kazi hii ni "kushika". Kitu kinaweza kuwa kimechomekwa na bado hakijashika. Kompyuta ikigoma, watu hukimbilia kusema imeungua. Kwenye meza yangu zilizoungua kweli ni chache kuliko zilizokuja na kitu kilicholegea.

Na tuelewane majina. Lile boksi zima ambalo wengi mnaliita "CPU" mimi naliita kasha. CPU ni prosesa, kidude cha ukubwa wa biskuti kilichojificha chini ya feni. Mazabodi ni ule ubao mkubwa ambao kila kitu kinachomekwa juu yake. GPU ni kadi ya picha.

Feni zinazunguka, taa za rangi zinawaka, lakini kioo kinaandika "No Signal". Imekufa?

Bado. Geuza kasha uangalie waya wa kioo umechomekwa wapi. Nyuma kuna matundu ya picha sehemu mbili. Ya juu, karibu na matundu ya USB, ni ya mazabodi. Ya chini, yaliyolala kwa safu, ni ya GPU. Waya unatakiwa uwe chini.

Kijana mmoja wa Igoma alinipigia usiku, sauti ya msiba kabisa. Alikuwa amehamisha meza, akarudisha nyaya zote, na tangu hapo kioo cheusi. Siku mbili hajacheza. Nikamwambia ahesabu matundu kutoka juu kwenda chini huku mimi nasikiliza. Alipofika la tatu akanyamaza. "Fundi, naomba nikupigie baadaye." Hakupiga, lakini nilimwona mtandaoni dakika tano baadaye.

Sababu yake ni hii. Prosesa nyingi za gemu hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe. Za Intel zenye herufi F mwishoni, kama Core i5-12400F, hazina. Ryzen 5 5600 haina, lakini 5600G inayo. Ukichomeka kwenye mazabodi yenye prosesa ya namna hiyo, lile tundu ni pambo tu. Hata prosesa yenye uwezo huo, mazabodi nyingi huzima tundu lake zikishaona GPU ipo.

Kama unatumia runinga badala ya monita, hakikisha rimoti imechagua HDMI ile uliyochomeka. Runinga ina HDMI 1 na HDMI 2, na mtoto aliyekuwa anaangalia katuni hajali ulikuwa kwenye ipi.

Waya uko sahihi, bado ni giza. Naendelea vipi?

Jaribu waya mwingine. Kisha nenda kwenye ramu, na hapa fanya taratibu.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani. Ramu ni vile vibao virefu vilivyosimama pembeni ya prosesa. Fungua vishikizo vya pembeni, vuta juu kwa unyoofu. Utaona upande wa chini una safu ya meno ya rangi ya dhahabu. Kama yamefifia au yana alama za vidole, yasugue polepole kwa ufutio mweupe wa penseli, upande mmoja, kisha mwingine, halafu pangusa makombo yote kwa brashi kavu. Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji.

Rudisha kibao kimoja tu kwanza. Meno yana pengo ambalo haliko katikati kabisa, linganisha na kinundu cha sloti. Bonyeza kwa vidole gumba viwili, upande huu kisha ule, mpaka usikie "tak" na kishikizo kijifunge chenyewe. Watu wengi wanaacha kwenye "tak" ya kwanza. Zinatakiwa mbili. Mazabodi zenye kishikizo cha upande mmoja ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu upande usio na kishikizo hauna cha kukuonesha kwamba haujaingia.

Kama mazabodi ina sloti nne na ramu ni mbili, weka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukiweka ya kwanza na ya pili, mashine inaweza kuwaka ila ramu zitafanya kazi kwa njia moja badala ya mbili, na gemu litalegea bila wewe kujua kwa nini.

Mazabodi nyingi za sasa zina vitaa vinne vidogo pembeni, vimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kinachobaki kinawaka ndicho kinacholalamika. DRAM ni ramu, VGA ni kadi ya picha. Hivi vitaa vinaokoa muda kuliko kubahatisha, ajabu ni kwamba watu wanavifunika na stika.

Na kama mashine yako ni mpya, ya ramu aina ya DDR5, mara ya kwanza inaweza kukaa giza dakika kadhaa ikijipima ramu. Nenda kanywe chai. Wanaozima na kuwasha kila nusu dakika hawaiachi imalize.

Mwanangu, kijana wangu ananiambia lazima tununue kadi mpya ya picha, ya zamani imeungua. Ni kweli?

Shikamoo mama. Inawezekana, lakini usitoe hela leo. Mwambie aichomoe ile kadi, afute meno yake kama nilivyoeleza kwenye ramu, airudishe mpaka kishikizo cha mwisho wa sloti kijifunge, na achomeke waya wake wa umeme mpaka mwisho. Kisha ajaribu kadi hiyohiyo kwenye kompyuta ya rafiki yake. Ikikataa na kule ndipo tuongee kununua. Ikikubali kule, kadi haina kosa, na huenda kijana alikuwa anatamani tu mpya.

Nabonyeza swichi, kimya kabisa. Hata taa hakuna.

Anza ukutani, usianze ndani ya kasha. Chomeka chaji ya simu kwenye tundu lilelile la ekstensheni. Simu isipochaji, umeshapata jibu. Ikichaji, ruka ekstensheni, chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. Fungua plagi ya pini tatu uangalie fyuzi. Badilisha waya wa umeme na ule wa monita, mara nyingi zinafanana.

Nyuma ya kasha kuna swichi ndogo ya pawa saplai, lile boksi la chuma linalogawa umeme ndani ya kasha. Swichi ina alama za O na I. Inatakiwa iwe kwenye I. Usicheke, mtoto akisukuma kasha ukutani inajizima yenyewe.

Kwenye pawa saplai za zamani utakuta na kiswichi chekundu kimeandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Kikiwa kwenye 115 ukawasha, utasikia mlio na utanusa, na hapo hakuna la kutafuta tena.

Ndani, kagua plagi kubwa ya pini 24 kwenye mazabodi, na ile ya pini 8 juu karibu na prosesa. Hii ya pili ndiyo inayosahaulika na wanaounganisha mashine kwa mara ya kwanza. Halafu kuna vile viwaya vyembamba vinavyotoka kwenye swichi ya mbele. Vikichomoka, unabonyeza swichi ambayo haijaunganishwa na chochote. Kile cha PWR SW hakina mbele wala nyuma, ukikigeuza kinafanya kazi tu. Vya taa ndivyo vinavyojali upande.

Nikigusa kasha nasikia linanitekenya, kama shoti ndogo. Ni kawaida?

Limezoeleka, lakini si kawaida. Maana yake nyumba yako haina erthi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, au ipo na haijafika kwenye tundu lako.

Ndani ya pawa saplai kuna vichujio vya kupunguza kelele za umeme, na vinasukuma umeme kidogo sana kwenda kwenye chuma cha kasha vikitegemea erthi iubebe. Erthi isipokuwepo, chuma kinabaki kikining'inia kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Ni umeme mdogo wa kukutekenya tu, ila kwa matundu ya vifaa ni hatari. Ukichomeka HDMI kati ya kasha hilo na runinga iliyounganishwa na dishi lenye erthi yake, zile volti zinatafuta njia, na njia ni pini za HDMI. Nimeona tundu la runinga likifa hivyo, kompyuta ikabaki nzima, na mwenye runinga akamlaumu mwenye gemu.

Kwenye nyumba za kupanga tabia moja imeenea. Plagi ya pini mbili haiingii kwenye tundu la pini tatu, basi mtu anachukua peni, anaisukuma kwenye tundu la juu ili yale mengine yafunguke. Lile tundu la juu ndilo la erthi. Ukifanya hivyo kwa redio sawa, kwa kompyuta unaipa umeme bila mlinzi. Pia kuna ekstensheni zenye matundu matatu kwa nje na ndani zina nyaya mbili tu. Ukiona waya wake ni mwembamba kama wa chaji, shuku.

Dawa ni fundi umeme aweke erthi ya nguzo ardhini. Mwanza tumejenga juu ya mawe, kwa hiyo kwenye vilima nguzo haizami kirahisi na fundi atahitaji kutafuta sehemu yenye udongo. Mpaka hapo, zima na uchomoe vifaa vyote kwenye umeme kabla ya kuunganisha HDMI, yaani chomeka nyaya za picha kwanza na za umeme mwisho.

Umeme wa TANESCO ukikatika na kurudi ndiyo kompyuta inaleta shida. Ninunue stabilaiza au UPS?

UPS, kama uwezo upo. Stabilaiza inatuliza volti zinazopanda na kushuka, lakini umeme ukikatika nayo inakatika. UPS ina betri ndani, inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Ila soma boksi vizuri: VA si wati. UPS ya VA 650 mara nyingi inabeba wati 360 hivi au pungufu, na kompyuta yenye GPU kubwa pamoja na monita inaweza kuvuka hapo katikati ya gemu. UPS italia na kuzima kila kitu, halafu utasema UPS mbovu.

Kama huna hela ya UPS, umeme ukikatika chomoa. Subiri urudi utulie dakika chache ndipo uchomeke. Friji zote za mtaa zinawaka kwa pamoja ule umeme unaporudi.

Na kama friji ya nyumbani kwako iko kwenye ekstensheni moja na kompyuta, tenganisha. Motor ya friji inapoanza, volti zinadondoka kidogo, na pawa saplai dhaifu inajiwasha upya. Mtu anakuja kwangu na ramu mkononi kumbe mwenye kosa ni friji.

Na radi?

Chomoa. Ziwa hili la Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi Afrika, na UPS ya kawaida haitazuia radi ya karibu. Usichomoe waya wa umeme peke yake. Chomoa na waya wa intaneti, na kama kompyuta imeunganishwa na runinga yenye dishi, chomoa na HDMI. Mashine zilizopigwa na radi nilizofungua, nyingi ziliingiliwa kwenye tundu la intaneti.

Kompyuta inawaka vizuri, inacheza video, lakini nikifungua gemu inazima papo hapo.

Hapo mara nyingi GPU inaomba umeme na haiupati. Sloti ya mazabodi inatoa wati 75 tu. Plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Kadi yako ikiwa na matundu mawili na wewe umechomeka moja, inaweza kufanya kazi ndogo tu, kwenye gemu itadondoka. Chomeka yote, na kama pawa saplai ina nyaya mbili tofauti za GPU, tumia zote mbili badala ya waya mmoja wenye vichwa viwili.

Angalia adapta. Kuna vile viwaya vinavyogeuza plagi ya diski ya SATA kuwa pini 6 za GPU. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba kama wati 54 kwenye laini ya volti 12. Ukiiomba 75, plastiki inaanza kulainika. Ukiona kimoja kwenye kasha lako, kitoe leo.

Na pawa saplai yenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliuziwa moja mjini imeandikwa wati 500 kwa herufi za dhahabu. Niliibeba kwa vidole viwili, nepesi kama mkate wa asubuhi, na nikafurahi badala ya kushtuka. Iliwasha mashine ya mteja wiki moja. Siku ya nane ilitoa moshi mweupe mwembamba, mazabodi ikaondoka nayo, na mimi nikalipa mazabodi. Nilipoifungua ndani kulikuwa na nafasi ya kulala paka. Tangu hapo naipima kwa mkono kwanza, ndipo nasoma maandishi.

Onyo jingine: pawa saplai zenye nyaya zinazochomoka, usichanganye nyaya za kampuni moja na pawa saplai ya kampuni nyingine. Upande wa kifaa unafanana, upande wa pawa saplai mpangilio wa pini ni tofauti. Plagi itaingia vizuri kabisa na diski zako zitakufa kwa sekunde moja.

Nimenunua kompyuta ya ofisi iliyotumika, nataka kuweka GPU nicheze. Inawezekana?

Inawezekana, na ndiyo njia ya bei nafuu wengi wanayoanzia. Lakini Dell OptiPlex na HP EliteDesk nyingi za kuanzia 2013 hazitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24, zina plagi yao. Pawa saplai ya dukani haiingii bila adapta maalumu. Na iliyomo ndani mara nyingi haina waya wa GPU hata mmoja.

Kwa hiyo tafuta kadi inayokula umeme wa sloti peke yake. GTX 1650 nyingi ni wati 75 na hazina tundu la umeme, lakini ziko zenye tundu la pini 6, angalia kabla ya kulipa. GTX 1050 Ti vilevile. Usiletewe RX 580 kwa bei tamu, ile inataka pini 8.

Kama kasha ni lile jembamba, kadi lazima iwe ya kimo kifupi, ile ya bati nusu (low profile). Chukua futi upime. Nimeona mtu amekata kasha kwa msumeno. Iliingia, kwa kweli, lakini unga wa chuma ulibaki ndani na ukapiga shoti.

Nimeagiza mashine Dar, imekuja na basi, haioneshi kitu. Muuzaji anasema ilikuwa nzima.

Huenda wote mnasema kweli. Ni zaidi ya kilomita 1,000 za kutikiswa. Fungua kasha kabla hujawasha. Ukisikia kitu kinagonga ndani, usiwashe mpaka ukipate, skrubu moja juu ya mazabodi inatosha kuua kila kitu. Angalia GPU imekaa sawa au imening'inia, bonyeza ramu, sukuma kila plagi, shika kipoza joto cha prosesa uone kama kinacheza.

Wanaotuma Ukerewe au Sengerema, hali ni ileile kwa umbali mfupi. Kutoka mjini mpaka Nansio, mji wa Ukerewe, ni meli, lakini kutoka gatini mpaka nyumbani ni pikipiki, na pikipiki ndiyo inayolegeza. Toa GPU, ifunge peke yake kwenye nguo, ibebe kwenye begi.

Pedi ya kuchezea gemu inachaji ila kompyuta haiisomi.

Waya. Nyaya nyingi zinazouzwa na machinga ni za kuchajia tu, ndani zina nyuzi mbili za umeme na hazina zile mbili za data. Jaribu waya huohuo na simu yako: kama kompyuta haioneshi picha za simu, basi siyo pedi.

Mausi yangu isiyo na waya inakatakata, hasa nikichomeka diski ya nje.

Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu hakuna kilichoharibika. USB 3, lile tundu la bluu, linapofanya kazi linatoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na kidude cha mausi yako kinaongea kwenye masafa hayohayo. Vikikaa jirani ni kama kunong'ona kando ya mashine ya kusaga. Hamisha kidude kwenye tundu jeusi la upande mwingine, au kitumie na waya mfupi wa USB kikae juu ya meza karibu na mkono.

Kama inakatika hata bila diski, toa vifaa kwenye matundu ya mbele upeleke nyuma. Ya mbele yanapita kwenye waya mrefu mwembamba mpaka kwenye mazabodi, ya nyuma yameshikana nayo moja kwa moja.

Nimeweka diski mpya, kompyuta haiioni.

Ingia BIOS kwanza, ule ukurasa wa mipangilio ya mazabodi unaofunguka kabla ya Windows. Kama inaonekana huko ila Windows haiioneshi, diski ni nzima, haijagawanywa tu. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika diskmgmt.msc, utaikuta imekaa pale nyeusi ikisubiri. Soma vizuri ni ipi kabla hujabonyeza chochote, kuna mtu Kirumba alisafisha diski ya picha za harusi ya dada yake.

Kama hata BIOS haiioni na ni diski ya SATA, badilisha waya mwekundu na tundu lake. Kama ni ile nyembamba ya M.2, kuna aina mbili, NVMe na SATA, na zinafanana umbo. Sloti ya NVMe peke yake haitaisoma ya SATA hata uibembeleze. Tena kwenye baadhi ya mazabodi, ukijaza sloti ya M.2, matundu mawili ya SATA yanajizima, na diski yako ya zamani inapotea siku uliyoweka mpya. Kitabu cha mazabodi kinasema ni matundu yapi.

Diski ya zamani ya kuzunguka ikianza kugonga tik tik, zima. Kila unapoiwasha tena unapunguza kitakachookolewa.

Monita ni ya hezi 144, mbona sioni tofauti?

Windows mara nyingi huiacha kwenye 60, yaani picha 60 kwa sekunde, mpaka uibadilishe mwenyewe. Fungua mipangilio ya kioo, sehemu ya mipangilio ya ziada (Advanced display), uchague 144. Kama chaguo halipo, waya au tundu ni la zamani, tumia DisplayPort. Plagi ya DisplayPort ina kishikizo cha kubonyeza, usiivute kwa nguvu kama unang'oa muhogo.

Monita yangu ina tundu la zamani la VGA tu, GPU haina.

Nunua adapta inayogeuza HDMI au DisplayPort kwenda VGA, ile yenye kijibodi ndani. Waya mtupu wenye plagi mbili tofauti hautageuza kitu, VGA ni lugha nyingine kabisa.

Kwenye hedifoni nawasikia wenzangu, wao hawanisikii.

Hesabu mistari kwenye pini. Yenye mistari mitatu ni ya simu, imebeba sauti na maiki pamoja. Kompyuta nyingi zimetenganisha: kijani kusikiliza, waridi kuongea. Nunua kigawanyio cha vichwa viwili, ni cha bei ndogo.

Intaneti ya waya inakwenda polepole kuliko ninavyolipia.

Waya wa mtandao una nyuzi nane. Uzi mmoja ukikatika, huenda muunganisho usikatike, ukashuka tu kutoka megabiti 1,000 mpaka 100 kwa sekunde. Waya uliopita chini ya mlango kutoka nyumba kubwa kwenda chumba cha uani ndio mshukiwa wangu wa kwanza. Kama umeharibikia nchani, kata ncha ufungwe kichwa kipya; kama ni katikati, badilisha waya.

Ni kweli wadudu wanaharibu kompyuta?

Kweli tupu. Kuna siku wale wadudu wadogo wa ziwani wanapanda angani kama moshi, na jioni upepo unawaleta mjini. Wanapenda taa. Sasa wewe umeweka kasha la kioo lenye taa za rangi saba karibu na dirisha, na feni tatu za kuvuta hewa. Mashine moja ya Kirumba niliifungua, kipoza joto kimezibwa na kitu kama pamba ya kijivu. Nilipokisugua kwa brashi kilivunjika kuwa mabawa. Siku hizo funga dirisha au zima taa za kasha.

Mjusi anafuata joto la pawa saplai na akigusa pini mbili anakufa na kukuzimia mashine. Ziba mianya ya nyuma ya kasha isiyotumika. Ukisafisha kwa bloa, shika feni kwa kidole isizunguke.

Saa ya kompyuta inarudi nyuma kila umeme ukikatika.

Betri ya mazabodi imeisha. Ni CR2032, ya volti 3, duara kama sarafu.

Naweza kufungua pawa saplai mwenyewe niisafishe?

Hapana. Ndani kuna kapasita zinazotunza umeme mkali hata baada ya kuchomoa.

Nikikuletea, nije na nini?

Piga picha nyaya zote kabla ya kuchomoa. Toa GPU uibebe kando. Niambie kilichobadilika mara ya mwisho kabla ya tatizo, hata kama ni meza tu iliyohamishwa. Na njoo na waya wako wa umeme na ule wa kioo, hivyohivyo ulivyokuwa unavitumia. Mara nyingi kompyuta "iliyokufa" inawaka vizuri kwenye meza yangu, mwenyewe anaondoka na furaha, jioni ananipigia imekufa tena, kwa sababu waya mbovu ulibaki nyumbani.